Kidole Nilichokiacha Kitabuni

Jumamosi iliyopita niliwaacha mkinicheka, nami nilistahili. Nilikuwa stoo ya vifurushi, steshoni Voi, nimekaa juu ya gunia la vitabu vyangu mwenyewe kama mwizi aliyekamatwa na mali.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili limefungiwa sukari, habari yangu kwa ufupi ni hii. Mimi ni Josephat, Mtaveta wa Mboghoni, karani wa vifurushi. Niliandika hadithi. Wenye kuchapa vitabu walinirudishia, wakasema haina fundisho. Nikauza baisikeli, nikaichapisha mwenyewe kwa mchapaji mmoja Mombasa. Vitabu mia tatu, jina lake *Kikapu cha Mtama*. Miezi saba hakuna aliyekigusa. Kisha ghafla watu wa milimani wakaanza kukigombania, nami nikavimba kichwa, nikidhani wameupenda uandishi wangu.

Kumbe walikuwa wamemtambua mtu.

Hadithi yenyewe ni ya mvulana wa zamani, wakati wa njaa kubwa, aliyemshika dada yake mdogo mkono, akateremka naye hadi nyikani, akamwacha penye mwamba mmoja kwa Wakamba waliokuja na chakula. Alirudi nyumbani na kikapu cha mtama. Nilisimuliwa na mke wangu Mkamburi, siku moja analia, mlango umefungwa. Mvulana yule ni babu yake, Mzee Mwandawiro wa Wusi, na katika maisha yake yote alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, naye ni Mkamburi.

Mimi nikawaambia mia tatu.

Nilibadili majina yote. Mwandawiro nilimwita Musa. Dada yake, Wakio, nikamwita Tabu. Kilima nikakihamisha. Lakini yule mvulana alikuwa hana kidole cha shahada mkono wa kushoto, na kidole hicho nilikifuta mara tatu, na mara tatu nikakirudisha. Kilinoga. Mwandishi yuko radhi abadili jina la mama yake mzazi, lakini neno lililonoga hana nguvu ya kuliacha. Na Wusi nzima mzee asiye na kidole hicho ni mmoja.

Mchuma janga hula na wa kwao. Mzee Mwandawiro hakunigombeza. Aliinama tu, akanyamaza. Wadawida, watu wa mke wangu, watakuambia kwamba hasira ya makelele haina neno. Ya kuogopa ni ile inayokaa kimya moyoni mwa mzee, kwa sababu haimpati adui, inampata mtoto wa nyumbani. Mwezi haukuisha, binti yetu Lois akashikwa na homa. Alipata dawa na sindano, ikaondoka, ikarudi. Ikaondoka tena, ikarudi na nguvu zaidi.

Mkamburi akambeba mtoto, akaenda Wusi kuomba babu yake afanye kutasa. Ninyi wa Nairobi na Mombasa hamjui jambo hili, hata mimi Mtaveta nililijulia ukweni. Mwenye kinyongo hutia maji mdomoni, akayapuliza nje mbele ya watu, akasema amekitoa. Akiyapuliza, kinyongo kimetoka. Akiyameza, kimerudi tumboni, na safari hii hakitoki.

Mzee alikubali, kwa sharti moja. "Maneno yametoka nyumbani kwangu," alisema. "Yarudi nyumbani kwangu. Vitabu vyote mia tatu."

Sasa najua mnauliza nini. Kama aliaibika hivyo, mbona wewe Josephat unayaandika tena gazetini? Kuna mtu aliyenilazimisha, naye anaingia leo.

Twende.

Kilichoniokoa ni mazoea ya kazi. Kila kitabu nilichouza nilikitia namba kwa penseli, nikaandika jina la mnunuzi kwenye daftari, kama tunavyofanya kwa vifurushi. Wenzangu walinicheka. Daftari hilo ndilo nililozunguka nalo milimani na nyikani wiki tano. Vitabu nilivyokuwa nikiwabembeleza watu wavinunue, sasa niliwapigia magoti wanirudishie. Wengine walikuwa wameviazimisha, na aliyeazima naye ameazimisha. Kimoja nilikipata kimesomwa na nyumba kumi na moja.

Vilibaki viwili.

Namba themanini na saba kilikuwa Mraru, kwa mama mmoja aitwaye Jedidah, mjane, mwenye mbuzi na ulimi. Jumatano nilimpigia hodi.

"Karibu, karani. Nimesikia unanyang'anya watu vitabu."

"Sinyang'anyi, mama. Naomba."

"Kaa hapo. Nimebakisha kurasa nane."

"Mama, mtoto wangu ni mgonjwa."

"Najua. Ndiyo maana nasoma haraka. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Alisoma kwa kidole, midomo ikienda, na mimi niliijua kila sentensi aliyofika kwa kumtazama uso. Alipofika pale mvulana anapogeuka kumtazama dada yake mara ya mwisho, alivua kitambaa cha kichwa, akajifuta macho. Kisha akafunga kitabu.

"Karani, haya umeandika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Umeandika vizuri."

Wasomaji wangu, neno hilo nililingoja miaka minne. Nililiwazia nikiwa zamu, nikaliota, nilimwuzia mtu baisikeli kwa ajili yake. Sasa lilikuja, na mimi nimenyoosha mkono kuchukua kitabu nikakifiche. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jedidah akanipa. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Umeandika vizuri," alisema tena, "ila huna haya."

Nikaondoka.

Kikabaki kimoja, namba mia mbili na kumi na mbili. Kwenye daftari sikuwa nimeandika jina. Nilikuwa nimeandika hivi: *Mwanamke wa vyondo, kilasi ya tatu, gari la bara, Alhamisi.* Nilikumbuka vizuri. Gari lilikuwa linaondoka, akanyoosha mkono dirishani, nikampa. Siku ile nilijiona mwerevu sana.

Kesho yake, Alhamisi, nikasimama jukwaani tangu saa tatu. Kazi nilimwachia mwenzangu. Gari la kutoka bara lilipoingia, nilipita behewa baada ya behewa nikitazama mikono ya watu, natafuta vyondo.

Nilimwona akishuka. Mwanamke wa makamo, mwembamba, mzigo wa vyondo mgongoni umeshikwa na ukanda kwenye paji la uso. Kabla sijafungua mdomo alinielekea yeye.

"Wewe ndiyo karani wa kitabu?"

"Ndiyo mimi."

"Nimekutafuta Alhamisi mbili. Wananiambia uko safari."

"Mimi nilikuwa nakutafuta wewe!"

"Basi tumepatana. Jina langu ni Mbithe. Natoka Mtito."

Nilimweleza upesi, maneno yakigongana. Kwamba namwomba kitabu. Kwamba nitampa kingine nikiandika, nitampa chochote. Kwamba kuna mtoto mgonjwa, na mzee asiyemtemea maji mpaka vitabu vitimie.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka mzigo chini.

"Mtoto nimesikia, pole sana," alisema. "Lakini kitabu yangu sikupi. Nilikuwa nakutafuta nikugombeze."

"Nimekukosea nini, mama?"

"Umemwita nyanya yangu Tabu."

Nilidhani jua limenipiga.

"Mimi nimesoma hii kitabu nikiwa kwa gari," aliendelea. "Nikafika kwa ule mwamba, na kikapu, na kijana bila kidole. Nikasema, hii si hadithi, hii ni nyanya. Yeye alituambia hivyo hivyo tukiwa watoto. Kikapu, kidole, yote. Lakini hakuwa Tabu. Alikuwa Wakio."

Nilikaa juu ya mzigo wa vyondo bila kuomba ruhusa. Jina la Wakio halikuwa kwenye kitabu. Halikuwa kwenye daftari, wala kwa mchapaji. Lilijulikana na watu watatu: mimi, mke wangu, na mzee mmoja Wusi.

"Yuko wapi?" niliuliza. "Wakio yuko wapi?"

"Amekufa zamani. Wakamba walimpa jina lingine, akaolewa, akazaa mama yangu. Kaburi yake haina kitu. Mahali peke yake ameandikwa ni hapa." Akapiga kifua, kitabu alikuwa amekifunga ndani ya leso. "Na wewe umeandika vibaya. Nitakupa hii siku utaandika tena, na jina yake ya kweli, mahali watu wote wataona."

Sasa mnajua kwa nini nayaandika haya hapa.

Mimi nilikuwa nimelificha jina ili kuiokoa heshima ya mzee. Huyu alilitaka jina ili kuiokoa ya nyanya yake. Nikishika huku, kule kunakatika. Nilibaki pale nimeshika kichwa, abiria wananipita, na nilimlaani kwa moyo wangu wote mtu yule aliyenifundisha kusoma.

Hapo nikasikia honi nje ya steshoni.

Alikuwa shemeji yangu Reuben, ndugu yake Mkamburi, aendeshaye lori la mboga. Huteremka na kabichi asubuhi akapanda tupu mchana. Hakuzima hata injini.

"Josephat! Panda!"

"Kuna nini?"

"Lois hajafungua macho tangu jana. Mkamburi anasema ulete ulivyo navyo, viwe vyote, visiwe vyote. Panda, bwana!"

Nilikimbia stoo, nikavuta gunia. Reuben akashika upande mmoja. Tulipolitupa kwenye lori nikamkuta Mbithe ameshakaa humo, mzigo wake kando.

"Mama, shuka. Tafadhali."

"Huyo mzee wako, ndiyo ule kijana bila kidole?"

Nilitazama pembeni. Lakini uso wangu haujui kuficha kitu. Ndiyo maana nilishindwa hata kuuza vitabu.

"Basi naenda," akasema.

"Ana miaka zaidi ya themanini! Akikuona moyo wake utasimama, na mtoto wangu atakufa!"

"Sitaingia. Nitakaa nje mpaka amalize mambo ya mtoto. Mimi ni mama pia, karani. Lakini jambo moja. Usiseme uongo juu yangu. Nyanya ameshasemewa uongo mara moja, inatosha."

"Nimekubali," nikasema.

Kumbukeni hapo nilipokubali, maana hata mimi ningependa kupasahau.

Tulipita Mwatate, lori likaanza kupanda likiguna kona baada ya kona, na mimi nilikuwa namwomba Mungu. Nilimwambia achukue kitabu, achukue kazi, achukue mkono huu ulioandika. Nilimwahidi sitaandika tena hata barua. Nilikuwa nimekata tamaa ya kweli, ile isiyo na machozi.

Wusi tulifika saa nane. Mbithe alibaki nyuma ya ua wa migomba, kama alivyosema. Mimi na Reuben tukabeba gunia mpaka uani.

Mkamburi alikuwa ameketi mkekani, Lois mapajani, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Wiki tano sikuwa nimemwona mke wangu. Alikuwa amekonda shingo. Hakunisalimu.

"Umeleta?" aliuliza.

"Nimeleta."

"Vyote?"

Nilimtazama mtoto. Mguu wake mmoja ulikuwa nje ya shuka, mdogo, mkavu, hautikisiki.

Nilimimina vitabu chini, vikawa kilima, jalada la bluu juu ya jalada la bluu. Siku vilipofika kutoka Mombasa niliviona vya kupendeza mno. Siku ile nilivichukia kimoja kimoja.

Mzee Mwandawiro alitoka ndani akisaidiwa na fimbo. Akaketi kigodani. Alivitazama vitabu muda mrefu, yeye asiyejua kusoma hata herufi, kama mtu anayeangalia mbuzi wake waliopotea wakirudi zizini.

"Nilimwambia Mkamburi peke yake," alisema kwa Kidawida, polepole. "Nilitaka nife nikiwa nimemwambia mtu mmoja."

"Nisamehe, babu," nikasema. Nilikuwa nimepiga magoti.

"Ni vyote?"

Nilimsikia Mkamburi akivuta pumzi. Nilikumbuka migomba, na aliye nyuma ya migomba. Nilikumbuka nilivyokubali. Kisha nikauona tena ule mguu.

"Vyote, babu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Reuben akamletea maji kwenye kata. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, ule wa vidole vinne, akatia mdomoni funda moja kubwa, mashavu yakajaa. Mkamburi akamfunua Lois kichwa haraka, akamwelekeza kwa babu yake. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumba. Nilihesabu pumzi zake.

Mzee akainama mbele.

"Si vyote."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mbithe alikuwa amesimama uani, kitabu kifuani.

"Samahani, mama," alimwambia Mkamburi. "Nilisema nitakaa nje. Huyu naye alisema hatasema uongo."

Mkamburi alinigeukia. Nimetazamwa na wakubwa wa kazi na hata na maaskari, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Josephat," alisema. "Hata leo?"

Niliinamia vitabu vile.

Mbithe alinipita kama apitaye nguzo. Alikwenda mpaka mbele ya mzee, akapiga goti moja, akasema kwa Kiswahili, polepole ili asikike.

"Shikamoo, babu. Mimi ni mjukuu wa Wakio."

Mzee hakutikisika. Maji yalikuwa mdomoni.

"Sikuja kukuaibisha. Nyanya hakukuchukia. Alisema ulikuwa mtoto, ulitumwa. Alisema mlipofika kwa mwamba alilia, na wewe ulimwambia hesabu mvua mbili, mvua ya pili nitakuja kukuchukua."

Hilo halikuwa kwenye kitabu changu. Nilimtazama Mkamburi, naye alikuwa ameachama. Halikuwa kwenye simulizi lake pia. Hata kwa mtu wake mmoja, mzee hakuwa amelisema.

Mbithe akatia mkono ndani ya kiondo, akatoa kamba ya katani, nyeusi kwa kuzeeka. Ilikuwa imejaa mafundo.

"Kila mvua alifunga fundo moja," alisema. "Vuli fundo, masika fundo. Ya mwisho nilimfungia mimi, mikono yake ilikuwa imekataa."

Akaiweka kamba mapajani mwa mzee. Ilijaa, ikamwagika magotini, ikashuka mpaka kwenye vitabu.

"Temea mtoto, babu," Mkamburi alisema. "Nakuomba. Mtemee mtoto kwanza."

Mkono wenye vidole vinne ukatafuta mwanzo wa kamba. Ukashika fundo la kwanza. Ukasogea, ukashika la pili, na hapo ukasimama.

Machozi yalimtoka, lakini mdomo aliufunga. Lois alikuwa mbele yake, kichwa wazi, umbali wa mkono. Sote tulikuwa tunatazama mashavu yale yaliyojaa maji.

Kisha nikaona koo lake likipanda na kushuka, kama la mtu anayemeza.